Karoti-Mwitu Bila Ng'ombe

Siku yangu ya kwanza kazini, nikiwa na diploma mpya ya agronomia, mkuu wa kituo cha Kilembwe hakunipa meza. Alinipeleka kando ya barabara, akachuma ua jeupe lililotandaa kama dantela, kitambaa cha lesi, akaniuliza jina lake. Nilitaja la Kilatini.

"Bwana agronome, hiyo jina iko ya bitabu. Shina yake iko namna gani?"

Ndipo alipoanza kunifundisha. Vijiua hutoka kwenye vijiti vinavyoanzia mahali pamoja, kama mbavu za mwavuli; ndiyo maana kichwa hicho tunakiita mwavuli. Lakini mimea mingi ina mwavuli mweupe na majani ya karoti. Karoti-mwitu ina shina lenye vinyweleo, na mzizi wake ukisuguliwa hunukia karoti. Yenye sumu ina shina laini lenye madoa ya zambarau, na harufu ya mkojo wa panya. Kuonja ni marufuku.

Baada ya Kilembwe nilipelekwa nyanda za juu, kwa wafugaji. Mzee Yakobo, mwenyeji wangu, hakuhitaji somo hilo. Kule watu walichimba mizizi ya karoti-mwitu pale tu ambapo ng'ombe walikuwa wamekula majani yake kwanza. Dume lake alilipa jina Inspecteur, yaani mkaguzi, kwa kunitania kwamba lilikagua mimea kunizidi.

Vita vilipowashusha wafugaji hao hadi mji wa Baraka, nilikokuwa nimehamishiwa, mifugo yote ilikuwa imeporwa. Kandokando ya kijito Yakobo aliliona ua la kwao, akafurahi, akang'oa mizizi. Mkewe, Mama Naomi, alikuwa kanisani na watoto. Yakobo alikula peke yake. Nilipoitwa, nilikuta shina limebaki mlangoni: laini, lenye madoa. Hakufika hospitali akiwa hai.

Baada ya mazishi Mama Naomi aliniuliza jambo moja.

"Ng'ombe angekuwa hapa, angekula ile majani?"

"Hapana, mama. Angeinusa, angepita."

"Basi banasema alikufa juu ya sumu. Mi najua alikufa juu ya kukosa ng'ombe."

Kituo changu kilifungwa nikiwa bado na nguvu. Ndiko kustaafu kwangu. Asubuhi nyingine mimi huandamana hadi kijitoni na akina mama waliokimbia vita, tukasugua mizizi na kuinusa. Majuzi Mama Naomi aling'oa mmoja, akaufuta udongo kwa kitenge chake, akaninyooshea bila kutabasamu.

"Inspecteur," akasema, "nusa."

Nikainama, nikanusa.