Chemchemi Iliyohamia kwa Jirani

Jua halijapanda juu ya milima ya Arsi, lakini Lelise Gemechu ameshafika kwenye kiwanda chao cha maji ya chupa. Kabla ya kumsalimia mtu yeyote, anaweka kiganja juu ya bomba. Ni la baridi, linatetemeka kidogo. Maji yapo.

Ndipo anapowageukia wanaopanga chupa. “Haya jamani, tuanze.”

Tabia hiyo ilimwingia mwaka jana, asubuhi ambayo bomba lilikohoa, likatema matope, kisha kimya.

“Nilidhani mashine imekufa,” anasema. “Nikaipiga teke, nikaitukana. Halafu nikamwona mume wangu amelala kifudifudi juu ya mwamba wa chemchemi, ametega sikio. Alipoinua uso, akasema hasikii maji.”

Ardhi ilikuwa imetikisika kidogo kabla ya kupambazuka. Vikombe vya kahawa viligongana, yeye na mumewe wakacheka, wakaendelea kuota moto. Hawakujua kwamba chemchemi imeondoka.

Chemchemi hiyo ndiyo iliyowalea. Baba mkwe wake alianza kwa kupakia madumu juu ya punda. Lelise na mumewe, Tolera, wakaanza kujaza chupa jikoni, wakibandika lebo kwa uji mzito wa ngano. Biashara ikakua: mashine, malori mawili, wafanyakazi kumi na wanane. Nao wakaizungushia chemchemi waya. Ng'ombe wa jirani yao wa bondeni, Dandena Wako, wakakosa pa kunywa.

Dandena ndiye aliyepanda kilima asubuhi hiyo, matope hadi magotini.

“Mama Obse!” alimwita Lelise kwa jina la mwanawe. “Maji yenu yamelala kwangu!”

“Maji gani?”

“Yametoboa katikati ya viazi vyangu. Njoo uyachukue, yananiharibia shamba!”

Wakamfuata mbio. Maji meupe yalikuwa yanabubujika kati ya matuta, viazi vikielea. Dandena alicheka mpaka akashika mbavu.

“Haya, Tolera! Ule waya unalinda nini sasa? Mawe?”

“Nilimwambia, cheka tu, una haki,” anakumbuka Lelise. “Akaacha kucheka palepale. Hilo lilinishtua kuliko maji yenyewe.”

Siku mbili baadaye mgeni alikuja na gari jeupe akitaka kuyanunua maji hayo, Dandena akakataa. Alitaka waya ung'olewe, birika la mifugo lijengwe, na awe mbia.

“Nina viazi, sina mashine. Nyinyi mna mashine, hamna maji,” aliwaambia. “Tutakaa tunatazamana mpaka lini?”

Lelise aling'oa waya mwenyewe. Viganja vyake vina makovu.

Ilichukua miezi mitatu maji kupimwa na kupitishwa. Malori yalisimama, na baadhi ya wafanyakazi wakaondoka. Leo wako thelathini na mmoja, na lori la tatu limefika. Dandena husimamia bondeni, akiwafokea madereva kwa raha zake.

Lelise anapanga kuvuta bomba hadi shuleni kabla ya kununua mashine nyingine. Tolera anaona mashine itangulie; bado wanabishana.

Haogopi chemchemi kuhama tena?

Anashtuka, kana kwamba swali limemkuta uchi. Anatazama mteremko, nyumba moja baada ya nyingine.

“Naogopa kila siku. Ikihama tena, namwomba Mungu ihamie kwa mtu ambaye hatujamkosea.”