Picha ya Mama Aliyelia Mara Mbili
Shangazi yangu ndiye mwanamke wa kwanza kupiga picha za gazeti letu. Ile ya mama anayelia mbele ya nyumba iliyoungua bado imetundikwa mapokezi. Wageni wakiisifu, yeye huinamisha uso.

Siku moja nilimchokoza: "Shangazi, aibu yote hiyo ni ya kusifiwa tu?"

"Kusifiwa kitu gani," akanikata kauli. "Kamera zile za zamani ulikuwa unachungulia kwa tundu la pembeni, si kupitia lenzi. Mama wa watu amelia, nimebofya weee, kumbe lenzi ina kifuniko. Nikamwomba alie tena."

"Akakubali?"

Shangazi aliinamia kikombe chake.

"Alijipangusa machozi ya kweli, akaniuliza, 'Nisimame wapi, mwanangu?'"