Nilimwombea mchumba wangu Mthai viza ya Ulaya tukiwa Muscat: yeye akapata, mimi nikanyimwa

Wakuu, salaam kwa wote, wa bara, wa pwani na mlioko Ghuba mkisoma huku mmejificha bosi asiwaone.

Mimi humu ni msomaji tu. Miaka yote hii sijawahi kufungua uzi. Lakini wiki iliyopita nimeona jamaa anauliza namna ya kumwombea viza ya Ulaya mpenzi wake Mthai, na majibu mengi yalikuwa ya kubahatisha. Hili lilinipata mimi mwenyewe. Nitaeleza lilivyokuwa bila kuongeza chumvi, pamoja na sehemu ambazo mjinga alikuwa mimi.

Kwanza mnijue. Mimi ni Mtaita wa Voi, jina Mwadime. Nilifika Muscat mwishoni mwa miaka ya tisini, fundi wa AC. Kampuni ilikuwa na ofisi Ruwi na sisi mafundi tulipewa flati hapo hapo Ruwi, Wakenya wanne na Mganda mmoja. Kama hujawahi kupanda paa la Muscat mwezi wa sita na spana mfukoni, shukuru Mungu na uendelee kusoma.

Mwaka 2003 nilitumwa kutengeneza AC kwenye kliniki moja ya meno Al Khuwair. Chumba cha nyuma nikamkuta dada wa Kithai, miwani mikubwa usoni, anachonga meno ya bandia. Jina lake kamili ni refu, halienei kwenye visanduku vya fomu yoyote niliyowahi kuiona. Watu walimwita Noi.

AC ilichukua saa moja. Mimi nilirudi mara tatu "kukagua gesi".

(Na wale ambao tayari mnaandika comment kuhusu Wathai na masaji, futeni. Fundi wa meno, ana cheti.)

Basi tukawa wachumba, miaka mitatu. Noi alipanga chumba cha uani Al Hail, kwa Bi Thuraya. Huyu ni mama wa Kiomani, mjane, aliyezaliwa Unguja na kurudi Oman akiwa mtu mzima. Nyumba nzima wanaongea Kiswahili cha Unguja na Kiarabu kinaingia katikati wanavyotaka wao. Kila Ijumaa nilikwenda kumwona Noi, lakini kwa heshima ya nyumba sikuvuka chumba cha wageni. Nakunywa kahawa, nakula tende, Noi na Bi Thuraya wako jikoni wanacheka. Mimi na Noi tuliongea Kiingereza. Nilijua anajua "karibu", "asante" na majina ya vyakula. Basi.

Tatizo lilikuwa mama yangu.

Sisi nyumbani Voi tumekua tukiongea Kiswahili, mama ni mtu wa kanisa, na Noi ni Mbudha. Nilipomtajia tu, mama akasema, "Wasichana wa Kenya umewamaliza wote?" Kila nikipiga simu ni hayo hayo. "Usije naye Voi, Mwadime. Kanisani nitasema nini?"

Noi sikumwambia. Nilimwambia mama ni mtu wa haya, hajazoea wageni.

Sasa 2006 dada yangu Wakesho, aliyeolewa nchi moja ya Ulaya (sitaitaja, ni ya baridi tu), akajifungua. Akamwita mama akae naye miezi mitatu. Halafu akanipigia mimi.

"Kaka, njooni wote wawili. Huku hakuna majirani wala mchungaji. Wakutane kama watu. Akimkataa na huku, basi utajua moja."

Nikaona dada ana akili. Tukaanza kutafuta viza.

Wakuu, nilitishwa. Pale Ruwi kila mtu alikuwa mtaalamu. "Mthai? Msichana? Hajaolewa? Sahau, watasema anakwenda kuzamia, hatarudi." Nikaamua faili la Noi litakuwa faili ambalo hakuna mtu wa kulikataa.

Wiki sita nililishughulikia. Barua ya mwajiri kwamba anamruhusu kusafiri na anamsubiri kazini, ambayo Ghuba wanaiita NOC. Bank statement, mhuri kila ukurasa. Bima ya safari. Booking ya ndege bila kununua tiketi. Barua ya mwaliko ya Wakesho yenye mhuri wa halmashauri ya mji wao. Cheti cha ufundi meno kimetafsiriwa kutoka Kithai na kugongwa muhuri mara mbili. Picha zetu tangu 2003, nyuma ya kila moja nimeandika ni wapi.

Langu mimi? Jioni moja, nimeketi sakafuni, TV inaongea. Photocopy hii, photocopy ile, gundi kwenye picha, kwisha.

Halafu nikamfundisha Noi maneno. "Ukiulizwa, sema ni utalii. Makumbusho, makanisa ya zamani. Mama usimtaje kabisa, watadhani unapelekwa kuolewa ubaki huko."

Noi akasikiliza, akaitikia kwa kichwa. Nikaridhika.

Siku ya ubalozini aliitwa yeye kwanza. Mimi nimekaa viti vya nyuma yake, nasikia kila kitu. Dirishani alikuwa mama mmoja wa makamo, mpole tu.

"Unakwenda kufanya nini?"

"Kumwona mama wa mchumba wangu."

Hayo sikumfundisha.

"Kwa nini unataka kumwona?"

"Kwa sababu yeye hataki kuniona."

Yule mama wa dirishani akaacha kuandika. Akamtazama Noi vizuri. "Na ukifika akakataa?"

"Nitarudi kazini," Noi akasema. "Kuna watu kumi na mmoja wanasubiri meno."

Mimi nilipoitwa nilisema utalii na makumbusho. Yule mama hakuandika hata neno, akachukua karatasi zangu tu.

Tulipotoka, kwenye gari la kampuni, nikamuuliza kwa Kiingereza, kwa ukali kidogo: nani amekuambia habari za mama yangu?

Akanijibu kwa Kiswahili. Miaka mitatu, mara ya kwanza.

"Wewe. Kila Ijumaa, kwenye simu. Mie nnafahamu."

Wakuu, nilishika usukani na gari sijaliwasha. Nilianza kukumbuka Ijumaa zote nilizompigia dada nikiwa chumba cha wageni pale Al Hail. "Mama amesema hivi, mama amesema vile, sijui kuabudu sanamu." Na Noi yuko pale anapanga vikombe. Alikuwa amejifunza kwa Bi Thuraya jikoni, na hakuwahi kunionyesha. Nikamuuliza kwa nini. Akasema alikuwa anangoja siku nitakayomwambia mwenyewe.

Nilimwomba radhi, akasema twende, kuna joto.

Siku kumi baadaye tukarudi kuchukua pasipoti. Ya Noi ina viza. Ya kwangu ina karatasi.

Nilisoma mara mbili. Bataka yangu, yaani kitambulisho cha ukaazi wa Oman, ilikuwa inaisha wiki saba tu baada ya tarehe ya kurudi. Wao walitaka miezi mitatu. Imeandikwa wazi kwenye orodha yao, ile ile niliyomsomea Noi mstari kwa mstari.

Mama wa dirishani akaniambia taratibu, "Faili la huyu bibi ni safi kabisa. Lako wewe ulilisoma?"

Nilikimbilia ofisini. Bataka haifanywi upya bila saini ya kafili, yaani mwenyeji wa kampuni anayetudhamini, na kafili yuko safarini. Likizo yangu tarehe zimeshapangwa. Mama naye anarudi Kenya mwezi unaofuata. Nikahesabu kila njia, haikuwezekana.

Ijumaa hiyo nikaenda Al Hail kusema safari imekufa. Noi akasema, "Mimi nitakwenda."

"Kwa nani? Hata hamjawahi kuonana!"

Bi Thuraya alikuwa mlangoni na birika la kahawa. Nikamgeukia nikidhani atanisaidia. "Bi Thuraya, mwambie. Hawezi kwenda peke yake."

"Mwache ende, mwanangu," akasema. "Ukiwapo wewe, mamako atakutazama wewe tu. Huyu hatomwona. Nna wana watano wameoa, mie nayajua haya."

Sikupenda, lakini nilikubali. Ikabaki kumwambia mama. Nilinunua kadi ya simu nikapiga kutoka kibanda cha Ruwi, nikaeleza kwamba mimi siji na Noi anakuja.

Mama akasema, "Mimi nilikuja kumwona mjukuu. Na wewe. Huyo sikumwita." Akampa Wakesho simu.

Noi akaondoka na sanduku moja na koti la kuazima.

Siku nne za kwanza habari zilikuwa mbaya. Noi alipofika alisema shikamoo, mama akaitikia, akadhani ni neno la kukariri kama watalii wanavyosema jambo. Baada ya hapo hakumsemesha. Wakesho na mumewe wanaenda kazini, nyumba inabaki na mama, Noi na mtoto mchanga. Mama anaongea na rafiki yake wa kanisani kwa simu, sauti ya juu, Noi yuko kwenye kochi na chupa ya maziwa. "Ameletwa mtu hapa mdogo kama wa shule ya msingi. Anakula kimya kama paka. Sijui kijana wangu alirogwa na nini." Kiswahili safi kabisa. Noi anamlisha mtoto.

Wakesho alidhani Noi haelewi. Mimi nilijua anaelewa, na wakuu, niliogopa kumwambia mama. Hilo nalo liandikeni.

Siku ya tano mama akaamua kupika chapati. Jiko la umeme, hajalizoea, mafuta yakaungua, jiko likajaa moshi. Kwenye dari kuna kile kidude kinacholia kikinusa moshi. Kikaanza. Mama hakuwahi kukisikia, alidhani nyumba inalipuka. Mtoto analia, jirani anagonga ukuta.

"Zima!" mama anapiga kelele, hata hajui anamwambia nani. "Zima hicho kitu!"

Noi ameshapanda kiti na mwiko mkononi. "Nnazima, Mama! Ngojea, nnazima!"

Akakipiga mpaka kikaning'inia na kunyamaza. Halafu akafungua dirisha.

Haya yaliyofuata nimesimuliwa na wote wawili, na wanakubaliana, jambo ambalo kwa mama yangu ni nadra.

Mama akasema, "Wewe unasikia Kiswahili?"

"Nnasikia."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla sijaja."

Mama akakaa kwenye kiti kile kile Noi alichokuwa amepanda. Akauliza, "Na kwa nini hukunijibu siku zote hizi?"

Noi akamwambia, "Ulikuwa huongei na mimi."

Jioni simu yangu ikalia, namba ya Ulaya. Mama.

"Mwadime. Siku nne nimemsema huyu mtoto wa watu mbele ya uso wake."

"Pole, mama."

"Usinipe pole mimi. Anapenda kula nini? Naona haya kumuuliza."

"Muulize tu, mama. Atakujibu."

Akamuuliza. Wiki na nusu iliyobaki nilipigiwa simu mara mbili tu, na mara moja ilikuwa Wakesho anauliza tumpe jirani nini kumwomba radhi kwa kelele za siku ile. Noi akarudi Muscat tarehe ile ile ya viza, kesho yake yuko kliniki.

Sitawadanganya kwamba mambo yalinyooka yote. Tulifunga ndoa mwaka uliofuata Voi, ofisi ya serikali, si kanisani, na mama aliumia kwa hilo na akasema. Baadhi ya rafiki zake hawakuja. Yeye alikaa kiti cha mbele. Mtu akamuuliza mbona watu wachache, akajibu, "Niliowaalika wamekuja." Mpaka leo anamwombea Noi aokoke, kwa sauti, Noi akiwepo, na Noi anaitikia amina kwa sababu anasema dua ni dua.

Sasa nilichojifunza, kwa yule jamaa aliyeuliza.

Mthai si tatizo. Wanachotaka kuona ni sababu ya mtu kurudi: kazi, barua, mkataba. Onyesha hiyo. Usimfundishe mwenzako uongo wa makumbusho; akiulizwa swali la pili atakwama, na anayeuliza kazi yake ni hiyo kila siku. Halafu, ndugu yangu, soma masharti kwa ajili yako mwenyewe pia. Kagua bataka, kagua pasipoti, kagua tarehe. Nilimwona yeye ndiye mwenye mashaka, mimi nikajiona nimeshapita.

Na kama kuna jambo la nyumbani unamficha mwenzako, mwambie. Huenda analijua tangu zamani na anakungoja.

Haya ni ya wakati wetu. Siku hizi nasikia ni vituo vya maombi, alama za vidole, appointment kwa mtandao. Wenye uzoefu wa karibuni shusheni hapa, hasa walioomba wakiwa Ghuba. Maswali yenye adabu nitajibu nikitoka kazini.

Noi ameshakwenda kwa Wakesho mara tatu, mara mbili akiwa na mama. Mimi Ulaya sijafika.