Tangazo la Kifo Lililokosea Dirisha

Kazi yangu ni matangazo ya vifo. Watu hucheka nikisema hivyo, halafu wanaacha kucheka. Familia zinaniletea habari hapa nyumbani Walukuba, Jinja, nami naziingiza kwenye programu ya kompyuta ya redio moja ndogo ya mjini: jina la marehemu, alipofia, atazikwa wapi, saa ngapi. Programu yenyewe ya kizamani, haikubali kunakili na kubandika. Nikachoka. Nikaandika skripti, yaani maagizo ya kuifanya kompyuta ibonyeze vitufe yenyewe. Inafungua dirisha la redio, inasubiri sekunde mbili, inaandika. Nilijiona fundi, wallahi.

Kosa la kwanza lilikuwa zile sekunde mbili. Skripti haina macho. Inaandika kwenye dirisha lolote lililo mbele, na kama la redio limechelewa kufunguka, shauri yako.

Kosa la pili nalisema kwa aibu. Ili kuijaribu nilihitaji tangazo kamili, na uvivu ukanituma nitumie habari ninazozijua kwa moyo: jina la baba yangu, nyumba yake Nabuyonga kule Mbale, makaburi ya ukoo wetu Nakaloke, maziko leo baada ya alasiri. Baba alikuwa mzima, isipokuwa moyo. Daktari alishatuonya asishtuliwe. Astaghfirullah, mtoto gani anamwandikia baba yake kifo kwa majaribio?

Asubuhi ile niliiwasha, nikaenda jikoni kutazama maharage. Kompyuta ilikuwa nzito siku hiyo. Dirisha la redio likachelewa, na mbele palikuwa pamebaki wazi kundi la ukoo wetu la mtandaoni, tunapojuliana hali kila siku. Niliporudi, maneno yalikuwa yanajiandika bila mkono wa mtu, chini ya salamu za shangazi. Jina la baba lilitokea herufi moja moja. Nilichomoa waya ukutani, kioo kikawa cheusi, lakini mistari yote ilikuwa imeshatumwa.

Kwenye simu yangu rambirambi zilikuwa zimeanza kuingia: Innalillahi. Innalillahi. Nikaandika haraka, jamani ni kosa, baba yuko hai! Shangazi akajibu, "Pole mwanangu. Ni uchungu huo. Mshukuru Mungu." Nikaandika tena kwamba ni kompyuta. Binamu akasema nisiachwe peke yangu, nimechanganyikiwa. Kadiri nilivyokana, ndivyo walivyonihurumia.

Nilimpigia baba. Simu imezimwa. Nikapanda taksi ya Mbale, na njia nzima wazo moja lilinikaba: huenda amesikia, moyo umesimama, nami ndiye niliyemuua. Halafu likaja baya zaidi. Huenda alikuwa ameshakufa kabla sijaiwasha, na ile mashine ilikuwa inasema kweli. Niliogopa hata kuutazama mkoba wenye simu.

Uani Nabuyonga mikeka ilikuwa imetandikwa, wanawake wanalia kwa sauti ya chini. Katikati yao, kwenye kiti, alikaa baba na kanzu yake, mikono magotini, anatazama mbele. Nilipiga magoti nikamshika miguu. Ilikuwa na joto.

"Nilisikia kilio," alisema, "nikatoka kuuliza nani amekufa. Wakanikimbia, kisha wakarudi kunililia."

Jirani mmoja mzee alisogea taratibu. "Mzee, vijana wa Nakaloke wameshachimba."

Kwetu kaburi lililochimbwa haliachwi wazi, linamngoja mwenyewe. Ikabidi ukatwe mgomba uzikwe badala yake. Tulimsihi baba abaki nyumbani, wapi! Alikwenda, akasimama ukingoni, akatazama chini muda mrefu.

"Wamenipimia vizuri," alisema.

Nililia hapo mbele ya watu, sikujali. Baba mwenyewe ndiye aliyetupa udongo wa kwanza juu ya mgomba.

Niliporudi Jinja niliiandika skripti upya. Sasa, kabla ya kila mstari, inauliza dirisha lililo mbele ni lipi. Lisipokuwa la redio, inasimama na kupiga kelele. Kitufe cha kutuma nabonyeza mimi, nikishasoma. Na kwa majaribio natumia Fulani bin Fulani. Haijakosea tena hata siku moja.

Miezi michache baadaye baba alifariki kweli, mchana, kitandani kwake Nabuyonga, mkono wake ukiwa mkononi mwangu. Nilimfumba macho. Kisha nikaandika kwenye kundi la ukoo, kwa vidole vyangu, polepole. Nikangoja. Wote walisoma, hakuna aliyejibu.

Mara simu ya baba ikaanza kulia juu ya mto, karibu na sikio lake. Ikakatika, ikalia tena. Binamu, wajomba, watu wa Nakaloke, mmoja baada ya mwingine walikuwa wanampigia yeye. Sikuweza kuigusa. Mwishowe nikapokea, nikaiweka sikioni.

"Kaka," shangazi alisema huku akicheka, "huyu binti yako amekuua tena."