Bunduki Iliyodaiwa Kumbeba Quinter

Quinter Ajwang' wa Kaloleni haogopi kushindwa. Anachochukia ni kuambiwa amebebwa. Alipoajiriwa stesheni ya reli, watu walisema ni babake, mzee Oloo, aliyemshika mkono, na mzee wa watu alishastaafu zamani! Alipofungua kibanda cha chapati, wakasema ni kona nzuri. Kona ilikuwa pale miaka yote, mbona haikuuza chapati?

Jumapili akitoka kanisani hupitia kwa Sifuna, mwenye ukumbi wa michezo ya video, kucheza ule wa vita vya sayari. Mama wa watoto wawili, ndio, na bingwa wa Voi pia. Silaha yake ni ile vijana wameibatiza Jiko: huchelewa kushika moto, lakini ikishika inakuunguza ukiwa mbali.

Fainali ya kugombea taji hilo ikamleta Mutinda wa Miasenyi, kijana mwenye mdomo. Raundi ya kwanza akachapwa, akatupa pad ya kuchezea kwenye kochi.

"Huyu mama hajui kitu! Jiko ndilo linambeba!"

Sifuna alianza kueleza kwamba sheria zinaruhusu. Quinter akamkatiza. Atetewe na mwenye ukumbi? Thubutu!

"Futa hiyo raundi. Jiko chukua wewe, Mutinda. Mimi nipe Cherehani."

Watu wakaguna. Cherehani hutema risasi mfululizo, lakini kwa mbali hazina nguvu. Ni silaha ya wanaojifunza. Ila Quinter alikuwa amezipima zote kwenye uwanja wa mazoezi wa mchezo huo, akizifyatulia sanamu ileile, karibu na mbali, hadi Sifuna akachoka kumtazama. Alijua kwamba Jiko ukilifyatua mfululizo bila kulipumzisha, linazima.

Mutinda hakulipumzisha. Likamzimia katikati ya daraja, na Quinter akamsogelea mpaka puani, akammaliza. Akarudia mchezo uleule hadi raundi ikaisha.

"Aah, kumbe inayobeba ni Cherehani!" Mutinda akadakia.

"Futa na hiyo," Quinter akasema, hasira zimempanda. "Shika Cherehani."

"Quinter, taji lako hilo unalichezea!" Sifuna akalia.

Quinter akabaki na bastola tu, ile ambayo kila mchezaji huanza nayo. Kila Mutinda alipomkaribia alirudi nyuma, akimwacha amwage risasi bure, kisha akamdungua kutoka mbali. Walikwenda sare mpaka mwisho kabisa. Pigo la ushindi likawa la Quinter, na ukumbi ukalipuka.

Mutinda alikuna kichwa, silaha za kulaumu zimemwishia. "Labda ni kiti," akanong'ona. "Umekalia kile cha katikati."

Quinter akainuka, akamsukumia kiti kile. "Kalia. Mimi nitacheza nimesimama."

Kijana akakitazama kiti, akamtazama mama. Hakukaa.

"La, mama. Ni wewe."

"Rudia," Quinter akasema, kifua mbele. "Na upaze sauti, Sifuna hajasikia."