Chai ya Wageni wa Simu

Daktari wa Nyeri aliponiuliza kama nimesafiri karibuni, nilijua mambo yameharibika. Nilikuwa nimetoka Ulaya kuchuma matunda msimu mmoja, na mbali na koti zito nilikuwa nimerudi na ugonjwa wa Lyme. Unaletwa na kuumwa na kupe, akanieleza. Nikachukua dawa, nikarudi nyumbani Mukurweini kupeleka habari.

Mama alicheka mpaka akashika mlango.

“Ati kupe? Hiyo ng'ombe iko na kupe kila mahali na inatoa maziwa. Wewe umeumwa na moja, unalala mpaka saa nne?”

Dawa nilimaliza, uchovu ukabaki. Goti lilivimba lilipotaka. Kwetu mgonjwa hutembelewa: akina mama wa kanisa huja na ndizi na unga, huomba, hunywa chai, huku wakikukagua kwa jicho la pembeni. Kwangu hakuja mtu. Nani abebe unga kwa ajili ya kupe? Mama naye aliendelea kunigongea dirisha alfajiri nikakamue. Siku moja aliitazama pampu ya kunyunyizia ng'ombe dawa ya kupe, kisha akanitazama mimi, nikaondoka pale haraka. Lakini kuitwa mvivu na mama yangu mwenyewe kuliniuma kuliko goti.

Ndipo nikapata kundi mtandaoni, wagonjwa wa Lyme wa nchi mbalimbali. Niliandika kwamba kuna siku nikiinua ndoo natamani kulia. “Hata mimi,” wakajibu, mmoja baada ya mwingine. Nikalia kweli, na ndoo sijainua.

Jumamosi moja tulipanga kuonana kwa video. Niliegemeza simu kwenye chupa ya chai. Mama akaingia, akaona nyuso zimejipanga.

“Hawa ni nani?”

“Wagonjwa wenzangu, Mama. Wamekuja kuniona.”

Akatoka, akarudi na vikombe, kimoja kwa kila uso. Kisha akachukua chupa amimine, na wageni wangu wote wakaanguka kifudifudi mezani. Nilipowainua, aliamuru wafumbe macho, akawaombea kwa Kikuyu, maombi marefu. Walifumba.

“Sasa waambie wakunywe.”

Jamaa mmoja akaanza kufuta machozi, akaeleza yake kwa Kiingereza. Nikamtafsiria Mama: tangu augue, hakuna aliyemmiminia chai. Nyumbani kwake wanamwita mvivu.

“Nani anamwita hivyo?”

“Mamake.”

“Mwambie huyo mama ni mbaya sana,” alisema Mama kwa hasira. Halafu akavuta kiti, akaanza kunywa vile vikombe kimoja kimoja, maana kwetu chai haimwagwi, na hakunitazama hata mara moja.

Kesho yake dirisha halikugongwa. Niliamka jua limetoka, nikasikia maziwa yakigonga ndoo, na Mama akimfokea ng'ombe zizini:

“Wacha kelele wewe! Mtoto yangu ni mgonjwa.”