Nilimuunguza Papa Safari Siku Mechi Ilifungwa

(Dada mumoja wa Walikale njo ametuandikia. Majina yote tumebadilisha, kijiji tumekificha. Musome mpaka mwisho mbele ya kumujibu.)

Admin, nakuomba unifiche, sababu hapa watu wanajuana. Mimi ni mama wa miaka makumi tatu na ine, niko na bwana na watoto watatu. Mimi na bwana yangu tulizaliwa Butembo, lakini sasa ni miaka kenda tunakaa Walikale, mu kijiji chenye wachimbaji wanapitaka wakitoka mu mashimo. Bwana yangu iko na sale ya kuonyesha mupira: mbao, mabati, televizyo moja kubwa na gurupe ya kuleta umeme. Mimi ninakaangaka mandazi pale kwenye mulango, juu ya mbabula ya makaa.

Timu yetu ya taifa ilikuwa na mechi ya kufa na kupona. Juma nzima bwana yangu alizunguka na megafoni kuitangaza. Siku yenyewe, saa kumi ya mchana, sale ilijaa mpaka watu walikaa mu madirisha. Wengine walitembea toka Itebero, matope mpaka kwenye magoti. Wachezaji walipanga mustari, wimbo wa inchi ukaanza, na sisi wote tukasimama tukaimba, mimi na kijiko changu cha mafuta mukononi.

Mara picha ikapotea. Pakabaki weusi na maneno ya Kifaransa: mechi hii haina ruhusa ya kuonyeshwa mu inchi yenu.

Bwana yangu alizima dekodere, akaiwasha. Maneno ni yaleyale. Akapanda juu ya benchi: «Bandugu, si mimi! Ni wenye televizyo kule juu njo wamefunga. Hata mimi nilikuwa sijue!»

«Uongo! Hukulipa abonema ya mwezi!»

«Nililipa, naapa mbele ya Mungu!»

«Nyinyi wa Butembo munatuonaka sisi wa pori kama nyama, si watu!»

Pengine ingeishia mu matusi. Lakini muntu mumoja alikuwa na redio kwenye sikio, akalia: «Wametufunga!» Pale njo watu waligeuka simba. Jiwe lilipasua televizyo. Benchi zilivunjwa, mbao zikakuwa fimbo. Nilisikia mabati yanachanika, watu wanakanyagana, na sauti ya bwana yangu inaita jina langu, kisha haiite tena.

Nilimuona chini. Wanaume watano ao sita walikuwa wanamupiga na mbao na mabuti, damu inamutoka mu masikio. Mumoja mwenye mugongo mupana alikuwa amelala juu yake kabisa, mikono kwenye kichwa chake. Nikasema mu roho: huyu anamunyonga. Nilishika sufuria ya mafuta na kipande cha gunia, nikapita katikati ya watu, na wakati yule mwanaume aliinua uso, nikamumwangia yote.

Kile kilio sitakisahau. Ngozi ilimutoka kama ya ndizi. Wengine wote wakakimbia bila kuangalia ni nani amemwanga. Alikuwa ni Papa Safari, jirani yetu, muwindaji, mwenye alinibebaka na tipoyi, kile kitanda cha miti, toka shambani mpaka hopitali siku uzazi wangu wa pili ulitaka kuniua.

Mu fujo ile, kijana mumoja muchimbaji, nitamuita Bahati, alikimbia akagonga mbabula yangu, ikaanguka. Watu wa kijiji wakamushika. «Ni wewe umemwanga mafuta!» Wakamupiga na mbao zilezile za benchi zetu. Meno yake nilihesabu matatu chini. Aliniangalia mimi, akasema na damu mu kinywa: «Mama, sema. Umeona. Sema kama si mimi.»

Niliangalia chini. Nikanyamaza.

Bwana yangu alipoamuka, mbavu zimevunjika, nilimwambia yote kwenye sikio. Alilia. Akasema: «Safari hakunipiga. Alikuwa ananifunika. Kila fimbo yenye ilipashwa kunifikia, yeye njo aliipokea.» Kisha akanishika mukono kwa nguvu: «Lakini ukisema, watatuchoma na watoto. Nyamaza.»

Kesho yake tukasikia kama hata Sake, hata Goma, sale zote ziliona weusi uleule. Haki ya kuonyesha mechi ilikuwa imeuzwa kwa wengine, wenye hawafikake kwetu. Watu wakaja kuomba bwana yangu musamaha. Wakaleta mbao, wakaleta kuku. Nilipokea zile kuku, nikasema asante.

Papa Safari amepoteza macho yote mawili. Kila asubuhi namupelekea bugali na sombe, namusafisha vidonda. Jana alinishika mukono mbele ya bibi yake: «Mama, Mungu akubariki. Nyinyi njo mumebaki ndugu zangu. Yule Bahati, mimi namulaani yeye na kizazi chake.» Nikamaliza kufunga kidonda chake, nikatoka inje.

Bahati ingali mu kasho ya polisi. Bibi yake iko na mimba, anapita hapa kwangu, haniulize kitu, ananiangalia tu. Siku ya Alhamisi wanamupeleka Goma kuhukumiwa, na bwana yangu ameapa kama nikifungua kinywa atanikataa, watoto atabaki nao.

Ndugu wasomaji, musiniambie tu niombe, ninaombaka kila siku. Nikisema, ninaua nyumba yangu. Nikinyamaza, ninaua muntu mwenye hakufanya kitu. Leo ni Jumanne. Wenye muko na roho ya wazazi, muniambie: niende kwa polisi, ao nianze kwa Papa Safari? Na nitamwambia namna gani, yeye mwenye anatambua sauti yangu na kutabasamu?